James Milner: Kiraka aliyefunga Ligi Kuu England akiwa na miaka 16, akafunga tena akiwa na 39

Desemba 26, 2002, dogo wa miaka 16 alitokea benchi akaifungia Leeds United bao ugenini kwa Sunderland. Agosti 31, 2025, mtu huyohuyo aliifungia Brighton bao dhidi ya Manchester City. Katikati ya mabao hayo mawili kuna miaka 22 na miezi minane.

Anaitwa James Milner.

Ukikaa kijiweni ukaambiwa utaje viungo wa England wa miaka hii, utaanza na Steven Gerrard, utakuja kwa Frank Lampard, halafu Paul Scholes. Milner, kama akitajwa, anatajwa mwishoni. Lakini hao wote walishatundika daluga zamani wakati Milner anaanza msimu wake wa 24 mfululizo kwenye Ligi Kuu, ule wa 2025/26.

Kwenye soka letu mchezaji wa aina yake tunamwita kiraka. Popote palipochanika, kocha anamshonea hapo. Mara nyingi neno hilo linabeba dharau kidogo, kama vile kiraka ni mtu ambaye hakuwa mzuri kiasi cha kupewa namba yake. Ukiifuata safari ya Milner tangu mwanzo, utaona ukiraka wenyewe ndio uliompa mataji na ndio uliomweka mjini miaka yote hiyo.

Milner kwa kifupi

- Jina kamili: James Philip Milner
- Kuzaliwa: Januari 4, 1986, Leeds, England
- Nafasi: kiungo. Amecheza pia winga zote mbili, beki wa kulia, beki wa kushoto na hata straika
- Mechi za Ligi Kuu hadi mwisho wa msimu wa 2024/25: Leeds 48, Newcastle 94, Aston Villa 100, Man City 147, Liverpool 230, Brighton 19. Jumla 638
- Timu ya taifa: mechi 61, bao 1
- Ligi Kuu England: mara 3 (2011/12, 2013/14, 2019/20)
- Ligi ya Mabingwa Ulaya: mara 1 (2018/19)
- Kombe la FA: mara 2 (2011, 2022)
- Kombe la Ligi: mara 2 (2014, 2022)
- Super Cup ya Ulaya na Kombe la Dunia la Klabu: mara 1 kila moja (2019)

Mtoto wa Leeds, shabiki wa Leeds

Milner amezaliwa na kukulia Leeds, mji wa kaskazini mwa England. Nyumbani kwao walikuwa mashabiki wa kutupwa wa Leeds United. Akiwa na miaka 10 alichukuliwa na akademi ya klabu hiyo, na siku za mechi alikuwa muokota mipira pembeni ya uwanja wa Elland Road.

Shuleni hakuwa mtu wa mpira peke yake. Alicheza kriketi vizuri, na kwenye riadha alikuwa moto: alishinda mbio za nyika na alishinda mita 100. Likumbuke hilo la mbio, maana huko mbele ndilo litakalomlinda.

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho Waingereza hawaachi kukisimulia. Mwalimu wake wa michezo shule ya msingi alikuwa Jon Moss, ambaye baadaye akawa mwamuzi wa Ligi Kuu. Januari 2019, Liverpool ikiifunga Crystal Palace 4-3, Moss alimpa Milner kadi ya pili ya njano akamtoa nje. Uwanjani mwalimu hana mwanafunzi.

Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ilikuwa Novemba 10, 2002. Kocha Terry Venables alimwingiza dhidi ya West Ham, Leeds ikashinda 4-3. Alikuwa na miaka 16 na siku 310.

Wiki chache baadaye likaja bao la Sunderland. Alikuwa na miaka 16 na siku 356, na hapo akawa mfungaji mdogo kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu. Rekodi hiyo ilikuwa ya Wayne Rooney, aliyeiweka miezi miwili tu kabla. Siku mbili baadaye Milner akatupia tena, safari hii dhidi ya Chelsea, Leeds ikashinda 2-0. Rekodi yake ilidumu hadi 2005, ilipovunjwa na James Vaughan wa Everton.

Dogo aliyemvunjia Rooney rekodi! Watu wakakaa mkao wa kula wakisubiri staa wa mabao. Haikuwa hivyo. Rooney alimaliza akiwa na mabao zaidi ya 200 ya Ligi Kuu. Milner hadi leo hajafika 60.

Leeds yazama, dogo auzwa

Leeds ya wakati ule ilikuwa imekopa pesa nyingi kujenga timu kubwa. Mwaka 2001 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mikopo ilipokuja kudaiwa, pesa haikuwepo. Mastaa wakauzwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2004 timu ikashuka daraja.

Milner, shabiki wa damu, akawa miongoni mwa vitu vya kuuza. Julai 2004 alikwenda Newcastle kwa takriban pauni milioni 3.6. Alikuwa na miaka 18.

Aliyemsajili alikuwa mzee Bobby Robson. Agosti hiyohiyo Robson akafukuzwa, akaja Graeme Souness. Mchezaji yeyote anajua maana yake: kocha aliyekutaka ameondoka, aliyekuja hakukuchagua. Souness aliwahi kunukuliwa akisema, kwa maana yake, kwamba Newcastle haiwezi kuwa bingwa kwa kikosi kilichojaa akina Milner. Kauli hiyo ilimfuata Milner kwa miaka mingi.

Msimu wa 2005/06 akapelekwa Aston Villa kwa mkopo, kwenye dili lililomrudisha Nolberto Solano Newcastle. Villa wakampenda, wakataka kumnunua moja kwa moja. Agosti 2006, dirisha likiwa linafungwa, dili lilikuwa limeiva kabisa. Dakika za lala salama Newcastle wakabadili mawazo, wakamwita arudi.

Wengine wangesusa. Yeye alirudi, akavaa jezi, akacheza misimu miwili mingine. Agosti 2008 ndipo Villa walipompata kwa pauni milioni 12.

Villa: Kutoka winga hadi kiungo wa kati

Hadi hapo Milner alikuwa winga wa kawaida. Anakimbia, anapiga krosi, anarudi kukaba. Kilichobadilisha mambo ni kuondoka kwa mtu mwingine: Gareth Barry, nahodha na kiungo wa Villa, alihamia Man City mwaka 2009.

Kocha Martin O'Neill alikuwa na pengo katikati. Akalishona na Milner.

Kumbe jamaa alikuwa anafaa zaidi pale. Mapafu yale ya mbio za nyika yakapata uwanja mzima wa kukimbilia. Msimu wa 2009/10 ukawa bora zaidi kwake, na wachezaji wenzake wa England wakampigia kura kuwa mchezaji bora kijana wa mwaka.

Msimu huo Villa walifika fainali ya Kombe la Ligi Wembley dhidi ya Manchester United. Mapema tu Villa wakapata penalti, Milner akaitia kambani, lakini mwisho wa siku Mashetani Wekundu wakashinda 2-1. Mtanzania akisikia hivyo anakumbuka kitu. Villa walirudi kwenye fainali ya kombe hilo miaka 10 baadaye, Machi 2020, wakafungwa tena 2-1, safari hiyo na Man City. Aliyefunga bao lao pekee siku hiyo ni Mbwana Samatta.

Man City: Mataji, lakini benchi pia

Agosti 2010 Man City walimchukua Milner kwa dili la takriban pauni milioni 26, huku Stephen Ireland akienda Villa kama sehemu ya malipo. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Liverpool. City walishinda 3-0, na bao la kwanza Milner ndiye aliyetoa pasi. Mfungaji? Gareth Barry, yuleyule. Majina haya mawili yatakutana tena.

City ya wakati ule ilikuwa inamwaga pesa. Kila dirisha anakuja staa mpya: David Silva, Yaya Toure, Sergio Agüero, Samir Nasri. Kwenye kikosi cha namna hiyo, mtu kama Milner anaweza kupotea.

Hakupotea. Oktoba 2011 City walipoipiga United 6-1 palepale Old Trafford, alianza, na pasi ya bao la kwanza la Mario Balotelli ilitoka kwake. Makocha walimwita kwenye mechi ngumu, zile ambazo winga anatakiwa akimbie mbele na pia arudi kumsaidia beki wake. Chini ya Manuel Pellegrini, mastraika walipoumia, alichezeshwa hadi namba 9. Januari 2015 aliifungia City mabao mawili dhidi ya Sheffield Wednesday kwenye Kombe la FA na kuivusha timu iliyokuwa imetanguliwa.

Ndani ya misimu mitano alibeba Ligi Kuu mara mbili, Kombe la FA na Kombe la Ligi.

Ila alikuwa na kitu kinamkera. Alitaka kucheza katikati, na alitaka kuanza kila wiki. City walitaka abaki. Mwaka 2015 mkataba wake ulipoisha, akaondoka bure kwenda Liverpool.

Liverpool: Alifuata namba ya kati, akapewa beki ya kushoto

Hapa ndipo safari yake inanoga.

Brendan Rodgers alimsajili acheze kiungo wa kati. Oktoba 2015 Rodgers akafukuzwa, akaja Jurgen Klopp. Msimu wa kwanza ulienda vizuri. Msimu wa pili, 2016/17, Klopp hakuwa na beki wa kushoto wa kumwamini. Akamtazama Milner.

Fikiria mwenyewe. Una miaka 30, umeondoka kwa mabingwa ili ucheze katikati, na sasa unaambiwa nenda kalinde pembeni, tena upande wa mguu usio wako. Milner hakuipenda nafasi ile, na hakulificha hilo. Lakini aliicheza karibu msimu mzima. Msimu huohuo alifunga mabao 7 ya ligi, yote kwa penalti. Liverpool wakamaliza ndani ya nne bora na kurudi Ligi ya Mabingwa.

Aliporudi kati, Ulaya ikamjua. Msimu wa 2017/18 alitoa pasi 9 za mabao kwenye Ligi ya Mabingwa, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kutoa kwenye msimu mmoja wa mashindano hayo. Liverpool walifika fainali wakafungwa 3-1 na Real Madrid.

Mwaka uliofuata ndio wenye usiku wa Barcelona. Mei 7, 2019, Liverpool walikuwa nyuma 3-0 kutoka mechi ya kwanza, Mohamed Salah na Roberto Firmino wote majeruhi. Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Kenya, akafunga la kwanza. Mapumziko beki wa kushoto Andy Robertson akashindwa kuendelea. Klopp akamwingiza Georginio Wijnaldum katikati, na Milner akarudishwa kulekule alikokuwa hakupendi, beki ya kushoto.

Wijnaldum akafunga mawili ndani ya dakika chache. Origi akamaliza kazi, ikawa 4-0. Picha za usiku ule zote ni za Origi, Wijnaldum na kona ya Trent Alexander-Arnold. Aliyewezesha Wijnaldum aingie bila timu kuvunjika alikuwa nyuma pale, anakaba upande wa Lionel Messi. Kocha asingeweza kufanya badiliko lile bila kiraka.

Juni 1, 2019 mjini Madrid, Milner aliingia kipindi cha pili, Liverpool wakaichapa Tottenham 2-0 na kubeba kombe. Mwaka 2020 ukafuata ubingwa wa ligi ambao Majogoo walikuwa wameusubiri miaka 30. Ukawa wa tatu kwa Milner.

Mwaka 2022 Liverpool ilicheza fainali mbili za nyumbani dhidi ya Chelsea, Kombe la Ligi na Kombe la FA. Zote ziliisha 0-0, zote zikaamuliwa kwa matuta, na Liverpool ilishinda zote. Nani alitumwa kupiga tuta la kwanza mara zote mbili? Milner, miaka 36. Mara zote mbili alifunga. Ukitaka kujua kocha anamwamini nani, angalia anayemtanguliza.

Hatusemi kila siku ilikuwa nzuri. Oktoba 2021 alipangwa beki wa kulia dhidi ya City, Phil Foden akamsumbua mno, na wengi waliona alistahili kadi ya pili ya njano. Miaka nayo ilikuwa inadai. Lakini alipoondoka Liverpool mwaka 2023 alikuwa na mechi 332 za mashindano yote, na alikuwa nahodha msaidizi nyuma ya Jordan Henderson.

Timu ya taifa: Mechi 61, shukrani chache

Kwa vijana wa England chini ya miaka 21, Milner alicheza mechi 46, rekodi ya timu hiyo. Timu ya wakubwa aliingia Agosti 2009 dhidi ya Uholanzi, akacheza mechi 61.

Alikwenda Kombe la Dunia 2010 na 2014, na Euro 2012 na 2016. Afrika Kusini 2010, England ikihitaji kuifunga Slovenia ili ivuke makundi, krosi ya bao pekee la Jermain Defoe ilitoka kwake. Bao lake pekee kwa taifa ni la Septemba 2012, England ilipoifunga Moldova 5-0.

Kizazi kile cha England hakikubeba chochote, na mashabiki wao walikuwa wakali. Mchezaji anayekimbia sana bila mbwembwe ndiye wa kwanza kulaumiwa timu ikikosa mbinu. Agosti 2016 akastaafu timu ya taifa.

Amewezaje kudumu hivi?

Hakuna uchawi. Kuna mambo manne ambayo ukiyaunganisha unapata jibu.

*Mwili.* Milner hanywi pombe, na amekuwa hivyo tangu ujana. Maandalizi ya msimu Liverpool yalikuwa na kipimo kimoja kinachoogopwa: wachezaji wanakimbia raundi, kila baada ya raundi kadhaa wanatolewa damu kidogo sikioni kuona misuli imechoka kiasi gani, kasi inaongezwa, anayeshindwa anatoka. Miaka nenda rudi wa mwisho kubaki alikuwa Milner, akiwaacha watoto aliowazidi zaidi ya miaka 10.

*Kichwa.* Mchezaji anayetegemea kasi tu huisha kasi inapoisha. Milner alijifunza nafasi nyingi, kwa hiyo mguu ulipopungua, akili ya kujua asimame wapi ilikuwa imeongezeka. Winga wa miaka 20 akawa kiungo wa miaka 24, akawa beki wa miaka 30, akawa mtu wa kuingia dakika ya 70 kulinda ushindi akiwa na 35.

*Utulivu.* Penalti zake ni ushahidi. Oktoba 2019, Liverpool ikiwa sare na Leicester, penalti ilipatikana dakika za nyongeza. Akaipiga, ikawa 2-1. Tena kuna kitu hiki: hadi bao lake la Agosti 2025, timu ya Milner haikuwahi kupoteza mechi ya Ligi Kuu aliyofunga. Mabao 56, kwa klabu sita.

*Kujicheka.* Mtandaoni kuna akaunti ya utani iliyoanzishwa kumcheka kwamba ni mtu wa maisha ya kuboa: anapiga pasi nguo, anakunywa chai, analala mapema. Mastaa wengi wangekasirika. Yeye akaushika utani akaufanya wake. Aprili 2019 alipofunga penalti dhidi ya Cardiff, alishangilia kama mzee anayeumwa mgongo.

Brighton: Kocha mdogo kuliko mchezaji

Juni 2023 Milner alijiunga na Brighton bure, akiwa na miaka 37. Klabu ilikuwa inaingia mashindano ya Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yake na ilikuwa na vijana wengi. Walihitaji mtu aliyeshapita njia hiyo.

Januari 2024, dhidi ya Wolves, alifikisha mechi 633 za Ligi Kuu na kumpita Ryan Giggs. Hapo akabaki mmoja tu juu yake.

Kiangazi cha 2024 Brighton wakampa ukocha Fabian Hürzeler, aliyezaliwa Februari 1993. Milner alipocheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, kocha huyo alikuwa mtoto wa miaka 9. Msimu ulipoanza dhidi ya Everton, Milner alikuwa uwanjani, na huo ukawa msimu wake wa 23 wa Ligi Kuu. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufika hapo.

Halafu mwili ukagoma. Aliumia mwanzoni mwa msimu huo, akafanyiwa upasuaji wa goti, na kwa miezi kadhaa hakuweza hata kuinua unyayo wake. Kwa mtu wa miaka 38 mwenye makombe yote yale kabatini, hapo ndipo unapoaga na watu wakakuelewa. Msimu mzima wa 2024/25 alicheza mechi 4 tu za ligi.

Yeye aliamua kurudi. Akasaini mwaka mmoja zaidi.

Kabla ya msimu mpya kuanza, Julai 3, 2025, Diogo Jota aliyecheza naye Liverpool alifariki kwenye ajali ya gari huko Hispania pamoja na mdogo wake. Milner akaacha jezi namba 6 akachukua namba 20, ile aliyokuwa akiivaa Jota, kumuenzi.

Agosti 31 Brighton ilikuwa nyuma 1-0 mbele ya City. Penalti ikapatikana. Milner, aliyeingia kutoka benchi, akauchukua mpira akafunga. Halikuwa limeingia bao lake la ligi kwa zaidi ya miaka mitano. Alishangilia kwa mtindo wa Jota. Brighton wakaongeza la pili na kushinda 2-1.

Alikuwa na miaka 39 na siku 239. Kwenye Ligi Kuu nzima mfungaji aliyemzidi umri ni mmoja tu, Teddy Sheringham.

Hesabu ya Barry

Milner aliuanza msimu wa 2025/26 akiwa na mechi 638 za Ligi Kuu. Juu yake alikuwa Gareth Barry mwenye 653. Hesabu yake ni nyepesi: mechi 15 kumfikia, ya 16 kumpita.

Kwa kijana, mechi 16 ni miezi minne. Kwa mtu anayetoka kwenye goti lile, kila dakika ni ya kuombea.

Angalia jinsi watu hawa wawili walivyofungana. Walicheza pamoja Villa. Barry alipoondoka, nafasi aliyoiacha ndiyo iliyomfanya Milner kuwa kiungo. Wakakutana tena City, na pasi ya kwanza ya bao ya Milner pale ilimalizwa na Barry. Wote walikuwa viungo wa kazi, wote hawakuwahi kuwa sura ya mabango. Na ndio hao wawili waliokaa juu kabisa kwenye orodha ya waliocheza mechi nyingi zaidi, juu ya Giggs, Lampard na Gerrard.

Makocha zaidi ya kumi walimpanga Milner, kuanzia Venables hadi Hürzeler. Walitofautiana lugha, mifumo na tabia. Kila mmoja, akikaa usiku kupanga kikosi, alikuta pengo mahali fulani, na kila mmoja alijua nani ataliziba bila kuuliza maswali.